Kwaya Haitembei, Inahama

Ukitaka kuuona mji wa kale, nenda peke yako. Ikishindikana, nenda na mkeo, au na shemeji, au hata na mtu anayekudai, mtaelewana njiani. Usiende na kwaya. Kwaya imeumbwa isimame mahali pamoja na kufungua midomo kwa wakati mmoja. Ukiipeleka kutalii itafanya hivyohivyo, isipokuwa kila mdomo utatoka na wimbo wake: huyu ana kiu, yule anatafuta choo, wa tatu kiatu kimembana, na dada mmoja wa sauti ya kwanza anauliza kama hapa mtandao unashika.

Nasema haya nikiwa mtu wa sauti ya nne, yaani mbeba mizigo. Haijaandikwa katika katiba ya kwaya yoyote nchini, lakini inajulikana kwamba Mungu akimpa mtu besi anampa na mabega ya kubebea spika. Jaribu kukataa uone utakavyoombewa.

Chanzo cha safari ni mpwa wa mwenyekiti wetu anayeishi Ujerumani. Naye anaimba kwaya huko, na kwaya yake ilikwenda Vienna. Picha zikatua kwenye grupu letu la WhatsApp usiku wa manane: watu wenye makoti meusi wamejipanga mbele ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Stefano, hakuna anayetoka jasho, hakuna aliyefumba macho. Kulipokucha mwenyekiti akatangaza kuwa na sisi tutazuru mji wa kihistoria wenye hadhi ya dunia. Tukapiga makofi na vigelegele. Mtunza hazina akachukua kalamu, na hadhi ya dunia ikaanza kuteremka: ikatoka Ulaya ikaja Zanzibar, ikatoka Zanzibar ikaja Bagamoyo, mwisho ikatulia Kilwa, ambako nauli yake kutoka kwetu Lindi mjini kila mtu anaijua na hakuna wa kuongeza cha juu.

Wenzangu walinung'unika kwamba Kilwa ni hapo tu, mtu anakwenda na kurudi na samaki aliyemwacha nyumbani bado hajaharibika. Mimi kwa Kilwa sikuwa na neno. Niliwaambia kuwa magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1981. Ibn Battuta, aliyetoka kwao Moroko akapita Kairo, Damasko na Makka, alifika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji kuwa ni katika miji mizuri na iliyojengwa vema. Mtu yule hakuwa na shangazi Kilwa hata aseme anapendelea. Na mwaka ule, mnara mrefu wa hilo kanisa la Vienna tulilotumiwa picha zake ulikuwa bado. Walianza kuujenga 1359. Nilipomaliza maelezo hayo mwenyekiti alinishukuru sana, akaniandika kwenye orodha ya watakaobeba kinanda.

Kisha zikaja sare. Safari fupi ile ilihitaji sare ya kusafiria, sare ya kuimbia Jumapili kwa wenyeji wetu wa Kilwa Masoko, na sare ya kutalii. Ya kutalii! Habari za kale za Kilwa zinasimulia kuwa Ali bin al-Hasan, mtu wa ukoo wa Shirazi, alikinunua kisiwa kwa nguo: mwenyeji alitaka vitambaa vya kukizunguka kisiwa chote, akapewa, akahama. Wataalamu wa historia wanabishana kama jambo hilo lilitokea kweli. Mimi silibishi hata kidogo, kwa kuwa nimeiona kamati ya sare ikifanya kazi. Kwa vitenge tulivyochangishwa tungeizungushia Kisiwani na kubakiza vipande vya vilemba, na bado sauti ya pili wangesema kwao hakikutosha mikononi.

Tulipangiwa kuondoka saa kumi alfajiri. Saa kumi nilikuwa pale kanisani, mimi, kinanda na mlinzi. Jua lilichomoza, likapanda, likaanza kutuchoma, ndipo Kosta ikajaa. Kufika Mchinga mwalimu wa kwaya alishaanzisha mazoezi ya wimbo mmoja, na wimbo huo ndio tuliokuwa nao Mbwemkuru, ndio tuliokuwa nao Kiranjeranje, ubeti wa pili ukiharibiwa mahali palepale na watu walewale. Kila gari lilipopanda kilima sauti ya kwanza nao walipanda. Dereva aliomba aweke redio. Akaambiwa avumilie, huu ni utumishi.

Halafu lile la korosho. Watu hawa wamezaliwa chini ya mkorosho, wamekua kwa fedha za korosho, wengine wana magunia uvunguni. Pale Hoteli Tatu walisimamisha gari, wakashuka wote, wakanunua korosho. Nikauliza kwa nini. Nikajibiwa kuwa safari haiwi safari bila kununua kitu njiani. Nilikuwa na ming'oko yangu ya kuchemsha kwenye mfuko, nikala kimya nikitazama dirishani.

Nangurukuru tulikula supu na chapati, na mtunza hazina akalipa kwa noti kubwa za mfuko wa kwaya. Ningependa kuongeza neno hapa kuhusu fedha za Kilwa. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe za shaba. Sarafu moja ya al-Hasan bin Sulaiman imeokotwa Zimbabwe Kuu, bara kabisa, na mwaka 1944 sarafu tano za Kilwa ziliokotwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia. Hakuna anayejua kwa hakika zilifikaje kule, lakini zimeonekana, ziko, mtu anaweza kuzihesabu. Chenji yetu ya Nangurukuru haijaonekana hadi leo.

Kilwa Masoko ofisini walitaka majina ya wageni wote kwa ajili ya kibali. Jambo la kawaida kabisa. Katibu akatoa karatasi kwa madaha, ikawa ni orodha ya michango ya msiba wa mwaka juzi, na marehemu mwenyewe jina lake limo juu. Tukaandikishwa upya mmoja mmoja, watu arobaini na ushei, huku maji yakikupwa. Msomaji asiyejua pwani atadhani kukupwa kwa maji ni habari ya wavuvi. Asubiri.

Kutoka Masoko kwenda Kisiwani ni mkono wa bahari tu. Ng'ambo unaiona, hata minazi unaihesabu. Tuligawanywa kwenye mashua mbili za mashine, tukavishwa maboya, na mwalimu, ambaye akiona watu wamekaa kimya moyo humuuma, akagawa sauti. Sasa kwaya za kwetu haziimbi bila kuyumba. Ni mguu kulia, mguu kushoto, mabega yakifuata. Tulipofika kwenye kiitikio mashua nayo ikaitika. Nahodha, mzee mmoja mpole mwenye kofia ya mkono, akapunguza mashine, akasema, "Bwana mwalimu, yumbeni, siwakatazi. Ila nusu wayumbe kulia na nusu kushoto, maana mimi nina watoto." Hayo ndiyo maelekezo ya uimbaji niliyoyaelewa kuliko yote tangu nijiunge na kwaya.

Na kwa kuwa maji yalikuwa yamekupwa, mashua zilikwama mbali na ufuko. Tukashuka kwenye maji na matope, akina mama na viatu vyao vya visigino mkononi, akina baba na suruali nyeupe za sare ya kutalii. Habari zilezile za kale zinasema kuwa zamani maji yakikupwa mtu aliweza kuvuka kwa miguu kutoka bara, na kwamba yule mwenyeji aliyeuza kisiwa alikusudia kurudi kwa njia hiyo na jeshi lake akiteke tena. Ali akauchimba mkondo, maji yakabaki humo, na mwenye jeshi akabaki ng'ambo anatazama. Nilisimama kwenye matope na kinanda kichwani nikamwonea wivu yule wa ng'ambo.

Cha kwanza kukuta Kisiwani ni Gereza, ngome iliyosimama karibu na maji. Wareno ndio waliojenga ngome mahali hapo mwaka 1505, ingawa kuta tunazoziona leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani wa karne ya 19. Mwongozaji wetu, kijana wa hapohapo kisiwani, anaijua historia hiyo ndani nje. Alianza kueleza akiwa na wasikilizaji arobaini. Aliposema "mwaka elfu moja mia tano na tano" mtu mmoja alitoa simu. Alipomaliza sentensi alikuwa na msikilizaji mmoja, mimi, na mimi nilibaki kwa sababu shingo haikuweza kugeuka.

Walikosa. Maana kuna habari inayotuhusu sisi kuliko kundi lolote la watalii. Mreno Francisco de Almeida alipotua Kilwa na jeshi lake Julai 1505 na mtawala wa mji, Amir Ibrahim, akakimbia, imeandikwa na mtu wa msafara uleule kwamba mapadri walishuka pwani na misalaba miwili, wakaandamana wakiimba wimbo wa Te Deum hadi jumba la mtawala. Wakauweka msalaba, Almeida akasali. Halafu wote wakaanza kuupora mji, bidhaa na vyakula, hawakubakiza. Kwa hiyo sisi si waimbaji wa kwanza wa Kikristo kutembelea Kilwa. Kuna waliotutangulia kwa zaidi ya miaka 500, na sifa yao si nzuri. Nilimfuata mwenyekiti, aliyekuwa akipigwa picha mlangoni, nikamsimulia yote kwa kirefu. Alisikiliza kwa makini, akaniuliza swali moja: "Waliimba na kinanda?"

Tukaenda Msikiti Mkuu. Hapa naomba nipunguze kelele kidogo, kwa kuwa mahali penyewe panapunguza. Sehemu ya kaskazini ni ya karne ya 11. Ile kubwa ya kusini, yenye matao na kuba, iliongezwa katika karne ya 14 na kujengwa upya katika karne iliyofuata, yote kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Unaingia katikati ya nguzo na mwanga unakujia kutoka pembeni, na jasho linakauka. Mwalimu wa kwaya alitazama kuba. Akatazama tena. Akapiga kofi moja dogo, kofi la kitaalamu, na mwangwi ukamrudia, na mimi nikaliona jicho lake. Mwongozaji naye aliliona.

"Mwalimu," akasema taratibu, "huu ni msikiti."

"Najua, ndugu yangu," mwalimu akajibu. "Nilikuwa nasikiliza tu." Akashusha mkono, na kwa heshima ya wenyeji wetu hakuna aliyefungua mdomo mpaka tulipotoka nje. Katika miaka yote niliyoimba nao, hapo ndipo nilipowasikia wote wakishika sauti sawasawa.

Chakula tulikuwa tumeagiza kwa mama mmoja wa kijijini: wali wa nazi na pweza. Katibu alikuwa ameagiza kwa kutumia ile orodha ya msiba, hivyo sahani zilipungua, na sauti ya nne hula mwisho. Tulikaa chini ya mwembe nikitazama pweza akiisha. Bibi mmoja alikuja kutuangalia, akapokea shikamoo zetu zote bila haraka.

"Mmetoka wapi wajukuu zangu?"

"Lindi, bibi."

"Lindi hapo?" Akatazama spika, kinanda, mabegi, madumu ya maji, mafurushi ya sare. "Na mbona mmehama?"

Watoto walitaka wimbo, tukaimba. Nitakuwa mwongo nikisema tuliimba vibaya. Ubeti wa pili ulikwenda sawa kwa mara ya kwanza tangu Mchinga, na bibi akatikisa kichwa kwa mapigo. Kisha mtunza hazina akaenda kuomba apunguziwe bei ya pweza. Kwa kipimo cha 1505 hatukuwa wageni wabaya.

Husuni Kubwa haiko hapo mjini. Uko mwendo wa kwenda mashariki, njia nyembamba, mibuyu, jua la saa saba. Jumba lenyewe lilijengwa juu ya mwinuko ulioelekea bahari, na sultani huyohuyo al-Hasan bin Sulaiman aliyempokea Ibn Battuta. Vyumba vyake vinapita 100. Dhahabu ya bandari ya Sofala ilikuwa ikipitia mikononi mwa Kilwa, na mtu akiwa na dhahabu ya Sofala anajenga anavyotaka. Hata hivyo jumba halikumalizwa. Niliposikia hivyo nilitua kinanda nikakaa juu yake, nikafarijika. Ukumbi wa kanisa letu umefikia kwenye linta na umesimama hapo tangu mwalimu ana nywele nyeusi, na sisi Sofala tunaisikia tu.

Hapo ndipo mwongozaji aliponisimulia, peke yangu tena, habari za ukarimu wa yule sultani, aliyeitwa Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Fukara mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akaingia ndani, akabadilisha, akamwita aje azichukue zile alizovua. Kamati yetu ya sare haijampa mtu hata kitambaa cha jasho. Lakini sultani huyo alipokufa alirithiwa na ndugu yake Daudi, na mwombaji akija Daudi alimjibu kuwa aliyekuwa akitoa amekwisha kufa, wala hakuacha cha kutolewa. Nilimwita mtunza hazina aje asikie habari za babu yake. Akasema anatafuta kivuli.

Kilichotuleta Husuni kumbe ni video. Kwaya ya nchi hii isiyo na video ni sawa na haijaimba. Katikati ya jumba lipo bwawa la pembe nane, kavu siku hizi, kazi nzuri ya mawe ambayo mtu angeweza kuitazama nusu saa bila kuchoka. Mwalimu alilitazama kwa muda wa kupiga hesabu: pembe nane, sauti nne, kila sauti ishike pembe mbili. Mwongozaji akakataza watu kukanyaga kuta. Kwa kweli kwaya yenyewe ndiyo ilistahili kuzungushiwa kamba: magofu haya yaliwahi kuwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyakarabati, na sikutaka yarudishwe huko kwa sababu ya sauti ya kwanza.

Nikaleta kinanda. Nikauliza umeme uko wapi. Hakuna umeme. Betri? Hakuna betri. Sauti ya wimbo, nikaelezwa kwa upole unaotumika kwa wagonjwa, ilirekodiwa studio zamani; kinanda kinahitajika kionekane. Nimekivusha bahari, nimekipitisha kwenye matope na mibuyu, ili kijana mmoja abonyeze vidole juu ya kitu kilichokufa huku akifumba macho kwa hisia. Tulirudia hatua mpaka jua likaegemea upande wa Masoko. Ngazi za kale za kuteremkia baharini sikuziona. Songo Mnara sikuiona, wala Msikiti Mdogo wenye kuba zake, wala jumba la Makutani isipokuwa kwa mbali, tukikimbilia mashua.

Jumapili tuliimba Masoko, watu wakafurahi, tukala vizuri. Sina malalamiko kuhusu Jumapili.

Wakati wa kurudi tulipita njia panda ya Kilwa Kivinje. Nilisema tuingie, hata kwa muda mfupi, tupaone mahali pa Mwembe Kinyonga, ambako Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, na wengine baadaye. Gari zima lilikuwa limelala, vichwa vikigonga vioo. Dereva alinitazama kwenye kioo chake, akaweka redio yake hatimaye, akaongeza mwendo.

Video imetoka. Kijana wa studio aliyeihariri alituambia kuta zile zilikuwa na rangi iliyochakaa na majani yameota juu, hazikumpendeza kwenye kioo, kwa hiyo amezifuta. Mahali pa Husuni Kubwa ameweka ngome moja ya Ulaya, na theluji inadondoka. Mbele ya theluji hiyo tumesimama sisi, vitenge vimeloa jasho, visigino vina matope, mkono wangu mmoja unaonekana pembeni umeshikilia kinanda kisidondoke. Mwenyekiti ameipenda sana. Ameituma Ujerumani kwa mpwa wake. Anasema sasa angalau tunaonekana tumesafiri.